Nilikataa Michango ya Ukoo kwa Sababu Binti Amepata Mkopo

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Jina langu msilitafute. Mimi ni mzee wa Kang'ata, huku Handeni. Mke wangu alishatangulia mbele za haki, nikabaki na binti mmoja tu. Huyo ndiye niliyemponza.

Alifaulu kidato cha sita, akapata chuo Dodoma. Siku majibu ya mikopo yalipotoka alinisomea kwenye simu yake. Mimi nilisikia neno moja: amepata! Mengine sikungoja, nilishatoka nje kutangaza.

Kwetu mtoto akienda mbali kusoma, ukoo unakaa kikao. Kaka yangu mkubwa akaita watu kwake. Huyu akaahidi mahindi, yule mbuzi, kaka mwenyewe akasema kodi ya chumba cha mtoto huko Dodoma niachieni mimi. Nami nikasimama na kiburi changu: "Ahsanteni, ila rudini na vyenu. Huyu kabebwa na serikali!" Loo! Miaka yote nimekuwa mtu wa kusaidiwa, nilitaka siku moja wanione sihitaji mtu.

Tukiwa njiani kurudi, binti akaniambia taratibu, "Baba, nimepewa ada tu, tena si yote. Hela ya chakula na malazi sikupata."

"Nyamaza," nikamjibu. "Serikali ikusomeshe halafu ikulaze njaa? Utaipata hukohuko."

Akaenda. Haukupita muda akaanza kupiga simu. Baba, sina pa kulala, nimejibanza kwa wenzangu. Baba, leo nimeshindia uji. Mimi nikaona ni tamaa za mjini, anataka simu mpya na nywele za kubandika. Na nikamwambia hivyo hivyo! Yaani mtoto ana njaa, baba anamsimanga.

Nilipoanza kuamini, ningemwendea nani? Kaka niliyemrudisha na ahadi yake mbele za watu? Mficha uchi hazai. Nikauza mihogo, nikatuma kimyakimya, haikutosha kitu.

Kisha simu zikakoma. Nikajipa moyo kwamba ameshazoea. Kumbe alishaacha chuo! Kaka ndiye aliyemwona Korogwe, anaosha vyombo kwenye mgahawa karibu na stendi. Alikuja kuniuliza kwa uchungu, "Si ungesema tu, mdogo wangu?"

Nikapanda gari nikamfuata. "Shikamoo, baba," akaniamkia, macho chini. Nikamwomba turudi nyumbani, nikamwambia kwamba baba yake mkubwa yuko tayari kumchangia.

"Nafasi yangu ya chuo ilishapita, baba. Wahi gari, giza litakukuta njiani."

Akanifungashia chapati. Hakunitolea neno baya hata moja. Bora angenitukana!

Siku hizi nasonga ugali wangu mwenyewe, nakula mwenyewe, na nyumba iko kimya mpaka naogopa. Nalia, sioni aibu kusema.

Wazazi wenzangu, mtoto akisema amepata mkopo, usikimbilie kushangilia. Kaa naye chini, muulize amepewa wa nini, na kipi hakupewa. Msikilize mpaka amalize. Na ndugu wakileta chochote, pokeeni!

Mimi nikimpigia sasa anapokea. Ananiamkia vizuri, ananiuliza hali, halafu ananiambia yuko kazini.