Malalamiko Yaliyosomwa kwa Sauti

“Malalamiko ya kinidhamu kuhusu kuzuiliwa isivyo halali kwa vielelezo vya mteja.” Kwa lugha ya watu wa mtaa wa Ndosho: wakili alikuwa amekalia hati za shamba la mama mmoja, na simu zake hapokei.

Nilikuwa nasubiri muhuri katika ofisi ya chama cha mawakili mama huyo alipoingia. Vita vilimtoa kijijini kwake Kibumba vikamleta kambini, na bila hati hizo hakuwa na la kumwonyesha mvamizi yeyote atakayemkuta shambani kwake siku akirudi. Kwa kuwa hajui kusoma, utaratibu ulimtaka katibu amsomee malalamiko kabla hajaweka kidole. Katibu akaanza kwa kunong’ona.

“Papa, ongeza sauti. Masikio yangu iliharibikaka kwa mabomu.”

Akaongeza.

“Bado, papa.”

Mlango ulikuwa wazi. Mawakili waliosimama koridoni na majoho yao wakasogea mlangoni waliposikia mwenzao akitajwa. Mmoja akampigia simu wakili huyo aje haraka: “Maître, kuya mbio! Banakusoma huku!”

Kabla katibu hajafika mwisho, pikipiki ilisimama nje. Wakili akaingia akihema, bahasha mkononi.

“Mama yangu, nilikuwa ninakutafuta!”

“Niko kambini, Maître. Sijahama.”

Nimesoma maandishi mengi juu ya maadili ya mawakili. Yanapendekeza barua, wito na subira. Sijaona yanayopendekeza kuacha mlango wazi.

Katibu alizikagua hati, zikawa kamili. Mama akazifunga ndani ya kitenge, akaweka kidole kwenye malalamiko hata hivyo, akarudi kambini.