Siku ya Jembe ya Saturnina

Saturnina Ccasani hakujua kukaa. Kila mwaka baridi ikianza, kazi yangu ya kuziba masufuria hunifikisha Pucaqasa, kijiji cha milimani huku Peru, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki kumwona ameketi mpaka chakula kikaisha. Hula amesimama, huku anasokota sufu, huku anamfukuza kuku. Lakini mwaka ule alizidi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, na alikuwa amejiandikisha shule ya watu wazima asome Kihispania.

Sababu ilikuwa moja. Zahanati ilitafuta mtu wa kupokea wagonjwa, anayesikia Kikechua cha wazee na anayeweza kumwandikia muuguzi, kwa Kihispania, kile kinachowauma. Muuguzi alimtaka yeye, ila alete cheti. Na cheti kilitoka kwa mkaguzi, ambaye hupanda mlima wetu mara moja tu kwa mwaka.

Kilichomsumbua ni wingi. Kwa Kikechua chetu ukishasema mbili umeshasema. Kiazi hakina haja ya kubadilika eti kwa kuwa kimepata mwenzake. Kihispania hakiridhiki hivyo, kila neno lazima livalishwe mkia. Mwalimu wake, Yovana, binti wa pwani, alimwandikia kwa chaki mlangoni pa jiko. Neno likiishia na a au o, ongeza s, basi: papa ni kiazi, papas ni viazi. Likiishia na herufi ngumu, ongeza es: flor ni ua, flores ni maua. Likiishia na z, hiyo z kwanza igeuke c: cruz ni msalaba, cruces ni misalaba.

Saturnina akawa anazunguka nayo kutwa. "Pared, paredes," anaugonga ukuta. "Mujer, mujeres," anawaambia kondoo, nao wanamwangalia.

Habari ikaja kwamba mkaguzi atafika Alhamisi, saa tatu asubuhi. Hapo ndipo palipoharibika. Mwaka uliotangulia Saturnina aliumwa mbavu, na shemeji yake Teodosio, mdogo wa marehemu mumewe, akamchimbia viazi siku nzima. Kwetu siku ya jembe hulipwa kwa siku ya jembe, si kwa kuku wala kwa asante, na anayepanga siku ni yule anayedai. Teodosio alikwisha kupanga Alhamisi, maana baridi kali ilikuwa imeshuka, na viazi vya kukausha lazima vilale nje vigande.

"Shemeji, nipe Ijumaa," Saturnina akamwomba.

"Ijumaa baridi ikiwa imeondoka, utaiita wewe irudi? Kwa Kihispania?"

"Usinicheke. Nikikosa mtihani ni mwaka mzima, na zahanati haitaningoja."

"Sikucheki. Mimi nilipokuja kukuchimbia, niliziambia mbavu zako zingoje Ijumaa?"

Saturnina akashika njia ya kwake. Watoto wake wote wako Lima, hana wa kumtuma. Akawa anapanda na kushuka njia ile. Mara tatu alikuja kuniuliza kama sufuria lake liko tayari, na alikwisha kulichukua juzi. Nikasema basi nitakwenda mimi kuchimba. Teodosio akautazama mgongo wangu. "Mzee, nikikupa jembe wewe, jioni nitakuzikia nalo."

Jumatano Saturnina akamwendea Yovana. "Mwalimu, kesho siji. Nisipolipa siku ile, hapa hakuna atakayenishika mkono tena. Cheti hakichimbi viazi."

"Lazima uchimbe mwenyewe?"

"Mimi, au mtu anayekula jikoni kwangu."

"Na Jumapili mimi nilikula wapi? Mkaguzi mwenyewe haruhusu mwalimu awemo chumbani. Nikae nje nifanye nini?"

Shule iko juu kidogo ya shamba la Teodosio, na dirisha linaelekea huko. Saturnina mwenyewe amenisimulia mara nyingi. Alhamisi, mbele ya mkaguzi, aliandika vizuri mpaka aliposikia sauti ya shemeji yake kutoka chini: "Mwalimu! Hicho ni kiazi, si nyoka! Chimbia pembeni, usikiue!"

"Mama, kaa," mkaguzi akasema.

"Nimekaa, bwana."

"Umesimama."

Akakaa. Akasimama tena. Mwisho mkaguzi akachoka. "Haya, kwa kuwa macho yako yako huko nje, niambie kwa Kihispania unachokiona."

Akaanza: wanaume wawili, dos hombres, wanawake wanne, cuatro mujeres, mikia yote mahali pake. Ghafla akamwona Yovana anashusha jembe. "Tres papa!" akapiga ukelele. Kisha akashika mdomo. "Papas, bwana, papas! Amevikata vitatu kwa mpigo mmoja!"

Mkaguzi akageuka kutazama na yeye. Kisha akaandika kitu, na kile kitu kilikuwa cheti.

Jioni Teodosio aliweka kando viazi kumi na kimoja vilivyokatwa, akavitazama kwa uchungu, akasema siku imelipwa. Lakini sasa Saturnina alikuwa na deni la siku kwa Yovana, na Yovana akaipanga Jumatatu, siku aliyoshuka mjini kung'olewa jino. "Nishikie darasa," akamwambia. "Kuna wapya."

Asubuhi ile Saturnina aliingia darasani na chaki mkononi, akamkuta shemeji yake kwenye benchi la nyuma.

"Shemeji, umefuata nini huku?"

"Joto. Mna jiko."

"Basi sema papa."

"Papa."

"Sasa mbili."

"Dos papa."

"Umekata mkia!"

"Kama mwalimu wako alivyokata viazi vyangu."

Darasa zima likacheka, na Saturnina akacheka kuliko wote, huku anatembea baina ya mabenchi na kuchungulia mlangoni upande wa zahanati, ambako angeanza kazi kesho yake. Teodosio ananiambia kwamba kuanzia saa mbili mpaka saa sita mwanamke yule hakukaa hata mara moja, na wao pia hakuwaacha wakae.