Zoezi la Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale usharika wa Akheri, Katibu wa Muziki hakunipa mkono. Alivitazama vidole vyangu, akasema, "Kata kwanza kucha hizo." Kinanda chenyewe kilikuwa cha kujazwa upepo kwa miguu: ukiacha kukanyaga, sauti inakatika. Nikakata kucha kwa wembe, nikaanza kazi ya ualimu wa kwaya iliyonichukua hadi uzeeni.

Enzi zetu wimbo haukutangulia mazoezi. Mwanafunzi alianza na skeli, yaani noti zinazopanda ngazi moja moja, kisha akodi, yaani noti za kupigwa pamoja, ila iliyovunjwa, noti zake zikipigwa moja baada ya nyingine: la, do, mi, la. Zoezi la saba katika daftari langu nililitoa kwa watunzi wa klasiki wa Ulaya. Lilikuwa la huzuni, so yake imepandishwa nusu sauti, na hapo ndipo lilipochoma. Ninyi mnaojifunzia kwenye simu mngetoroka.

Baadaye nikahamishiwa usharika mmoja upande wa Ngaramtoni. Huko Elipendo, mwalimu wa shule ya msingi, alipigia kwaya gitaa la umeme. Sijapata mwanafunzi mwepesi kama yule. Jumamosi moja, baada ya mazoezi, akawasha kifaa cha kuikwaruza sauti, akapiga hevi metal, ile roki nzito, kwa kasi ya mvua ya mawe juu ya bati. Wazee wa kanisa wakaja mbio.

Mchungaji akaniuliza mbele yao, "Mwalimu, wewe ndiye mwenye masikio. Huu ni muziki?"

"Si muziki, Mchungaji. Ni fujo."

"Lakini mwalimu," Elipendo akasema, "ni zoezi lako la saba."

Nikaona ananidhihaki. Kwa neno langu akawekwa chini ya nidhamu ya kanisa, na Jumapili, baada ya matangazo, akasimama mbele ya usharika mzima kutubu. Akarudi kwenye kwaya kuimba sauti ya pili. Gitaa hakulishika tena.

Mwaka jana, nimeshastaafu, binti yangu alinionyesha kwenye simu mpiga hevi metal akieleza jinsi wenzake wengi walivyochota kwa watunzi wale wale wa klasiki. Akapiga taratibu. La, do, mi, la. Na ile so! Nikalifungua daftari langu: zoezi la saba, noti kwa noti. Majuto ni mjukuu.

Nikamfuata Elipendo nyumbani kwake, nikamkuta akichambua kahawa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Elipendo, lile lilikuwa zoezi la saba. Nilikukosea."

"Nilishakusamehe, mwalimu. Karibu chai."

Nikamwomba anipigie kidogo. Akanionyesha mikono: sugu za nyuzi zimekwisha kwenye ncha za vidole, zimebaki za jembe viganjani. Nilishindwa kuinywa ile chai.

Mchungaji wa sasa ananiambia hayo yamepita. Mimi nimemwomba dakika tano Jumapili hii, baada ya matangazo, nisimame pale pale nilipomsimamisha. Elipendo atanisikia kutoka safu ya sauti ya pili. Gitaa halitakuwepo.