Kuvumwani ya Jiwe la Bibi

Harufu ya jiwe lililolowa mvua ya kwanza ndiyo inayonirudisha kwa Bibi. Nyuma ya nyumba yetu ya zamani, huku juu Ufipa kwenye baridi, kulikuwa na jiwe pana lililofunikwa na kuvumwani, ule mmea mfupi usio na mizizi wala maua. Kiangazi ulikauka ukawa kama takataka, ungeapa umekufa. Loo, mvua ikiugusa tu, kijani kinarudi kabla hujamaliza kuanua nguo! Baadaye vilichomoza vijiti vyembamba vyenye vifuko kichwani, na Bibi akiviona alisema jiwe limezaa, ardhi imetulia, twende tukapande ulezi. Hakupanda bila ruhusa ya jiwe lake, na majirani walimcheka mpaka wakachoka.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, Baba alipakia mlango na mitungi kwenye trekta, Bibi akagoma. Kaburi la Babu lilikuwa palepale, karibu na jiwe. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema, akaketi chini. Nilimhofia sana, maana nyumba za waliogoma zilikuwa zinaezuliwa. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzake, basi nikamwambia, "Mke mwenzangu, jiwe lako nitakubebea mimi." Akacheka huku anafuta macho. "Haya. Likizaa huko, nitajua ardhi imenipokea. Lisipozaa, narudi hapa, usinishike nguo."

Niliibandua kuvumwani kwa kisu cha kumenyea viazi, nikaipanga kwenye ungo. Nilichagua ile safi tu. Ile yenye vikombe vidogo vya rangi ya kutu kwenye ncha niliiacha, nikidhani imeugua. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba za mstari, shule karibu, zahanati karibu. Siwezi kusema hapakuwa na jema. Niliiweka juu ya jiwe la huko, kivulini, nikainyunyizia maji kila asubuhi. Mvua zilipoanza ikawa kijani hata wageni wakaisifu, lakini vijiti havikutoka. Bibi aliinama kuipapasa, akivitafuta. Ulezi wa wenzetu ukaota, mbegu za Bibi bado zimo kibuyuni. Siku moja akajitwisha kibuyu hicho, akarudi kwa Babu. Baba alimfuata, akamkuta ndani ya kuta zisizo na paa, amelowa chapachapa, kifua kinambana. Hakumaliza wiki.

Leo nafundisha baiolojia katika shule ya Milanzi, huku huku Ufipa. Mabati yanang'aa kila upande, maji ni ya bomba, na hakuna anayesubiri jiwe limwambie lini apande. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba kuvumwani ile ina mimea dume na mimea jike. Vile vikombe vya kutu ndivyo dume. Mbegu zake za kiume huogelea kwenye maji ya mvua mpaka kwa jike lililo jirani, na hapo tu ndipo kijiti huota, kifuko kikapasuka na kumwaga vumbi la uzazi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Jamani, mjukuu mwenyewe ndiye mimi! Juzi msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, na ukihamisha jike peke yake?"

Niliweka chaki mezani.

"Litaishi," nikamwambia. "Litakuwa kijani, na wageni watalisifu. Lakini litakuwa linamngoja aliyeachwa nyumbani."