Mpira wa Sikioni

Tulimwita Ukuta, maana enzi zake za tenisi ya wawili wawili mpira haukumpita pale kwenye wavu. Nyuma yake alisimama dada yake mkubwa, fundi wa kuanzisha mpira. Waliishi kwa kazi hiyo miaka mingi, hoteli hii hadi ile, wakigombania blanketi kama watoto. Wa mbele anainama, anampa mwenzake mgongo, na hageuki. Mpira wa mwenzake anaujua kwa mvumo tu.

Kwa hiyo Ukuta ndiye aliyetangulia kujua. Mpira wa dada ulianza kupita karibu na sikio, kisha karibu zaidi. Akanyamaza, na dada naye akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku mpira ulipomgonga Ukuta kisogoni, watazamaji walicheka sana. Dada alikuwa anautazama mkono wake, unatetemeka wenyewe. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, na kwamba ugonjwa huo hurithiwa. Ulimla taratibu mpaka akawa analishwa kwa kijiko, kisha ukammaliza.

Ukuta akawa kocha, akamlea binti wa marehemu. Binti akatoka na mkono wa mama yake. Tulizoea kutania kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na Ukuta alikuwa anatukata jicho baya.

Wiki ya mashindano, mwenzake binti aliomba kubadilishiwa mtu. Alipoulizwa sababu alijishika sikio tu. Ukuta akachukua raketi, akaenda mwenyewe kwenye wavu, akainama.

"Anzisha."

Mpira wa kwanza ulipita mbali. Wa pili ulimpeperusha nywele. Binti alikuwa nyuma, hakuuona uso wa mama yake mdogo. Sisi wa pembeni tuliuona, na tuliogopa.

"Tena," alisema.

Mpira haukuja.

"Mama mdogo, mimi najua," binti alisema. "Tangu mwaka jana hata chai naimwaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona ukimlisha mama. Nikasema, ngoja kwanza uwe kocha wangu. Kuniuguza utaniuguza tu."

Ukuta alilia mbele yetu sote, wala hakujipangusa. Kisha akamwambia aanzishe tena, akabaki palepale ameinama, kisogo wazi.