Mshenga Aliyesikika Kabla ya Kufika

Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu aibu hii imeshazunguka kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji na kila ikipita kwa mtu inaongezwa kitu, juzi nimeisikia kwa kinyozi pale Rusimbi, eti kuna mshenga alilia akaomba ashushwe kwenye jiwe katikati ya ziwa, nami nimekaa palepale kwenye kiti, nimefunikwa shuka la kunyolea, nanyamaza. Sikulia. Yale yalikuwa maji ya ziwa. Kuhusu jiwe sitasema kitu.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Katubuka, na kazi nafanyia barazani kwangu kwa makusudi kabisa, ili nisiwe na sababu ya kwenda popote. Ziwa nalipenda nikiliona kwa mbali, limetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi, na umbali huo unanitosha. Mke wangu husema mimi hata beseni la kufulia nalizunguka. Anatia chumvi, ingawa siyo nyingi.

Sasa Shabani, mtoto wa kaka yangu, katika mji huu uliojaa wasichana wanaofikika kwa miguu, akaenda kumpenda Zawadi, binti wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi huko juu ukishaipita hifadhi ya Gombe, ambako hakuna gari linalofika, utakwenda kwa maji au hutakwenda. Kaka yangu magoti yanamsumbua, hawezi kupanda chombo, kwa hiyo ukoo ukakaa ukanichagua mimi niwe mshenga, kwa sababu wote wanajua ninavyoongea (barazani kwangu watu huja na nguo nzima, isiyo na tundu, ili wasikie maneno tu). Nikakubali, maana kusifiwa kutamu, na wakati ule Mwamgongo nilikuwa naiwaza kama jina, siyo kama mahali unapofika ukiwa umelowa.

Nilipogundua nimekubali nini, nikaanza kupima hatari. Nilikuwa nakata suruali za watu huku nahesabu njia za kufa. Kuna boti kubwa za mbao, zile zinazobeba abiria na magodoro na kreti za soda na mbuzi wa watu, ni pana, haziyumbi ovyo, lakini zinakwenda polepole na zinasimama kila kijiji, kwa hiyo ukipanda hiyo utaogopa mchana kutwa. Halafu kuna viboti vidogo vya faiba, mashine nyuma, vinafika haraka, kwa hiyo utaogopa kwa muda mfupi ila utaogopa sana. Kubwa ikizama tunazama wengi, angalau kutakuwa na mtu wa kumshika. Ndogo ikipinduka tuko watatu tu, mimi, Shabani na nahodha, na hao wawili najua hawatanishika. Nikawauliza wateja, nikamuuliza muuza mkaa, nikamuuliza hata yule jirani yangu aliyewahi kufanya kazi bandarini (alikuwa anauza chai getini).

"Unapima nini siku zote hizo?" mke wangu akaniambia. "Wenzako wanapanda na watoto mgongoni."

"Wenzangu hawana akili."

"Wenzako wana safari. Wewe una woga unaotafuta nauli."

Wakwe ndio waliokata shauri, maana walituma salamu kwamba wageni tufike kabla ya adhuhuri, wazee wao watakuwa wamekusanyika, na boti kubwa kwa kawaida wakati huo ndiyo kwanza zinapakia bandarini Kibirizi. Basi ikawa ndogo.

Nahodha wetu alikuwa kijana mpole anayeitwa Yasini, na upole wake uliniudhi tangu mwanzo, kwa sababu mtu anayeendesha chombo juu ya maji yenye kina kama kile anatakiwa awe na wasiwasi kidogo, hata wa heshima tu.

"Nahodha, tunapita kandokando ya nchi kavu, siyo?" nikamuuliza huku nafunga kamba za jaketi okozi fundo juu ya fundo.

"Hapana, fundi, tunakata katikati. Kando kuna miamba na nyavu za watu, na wimbi linavunjikia kulekule. Huku nje boti inapanda, inashuka, basi."

"Na ikishuka isipande?"

"Itapanda."

"Umejuaje?"

"Jana ilipanda."

Halafu akaniambia nikae nyuma, karibu naye, kwamba mbele kunarusha. Na hapa ndipo nilipofanya kile kitu kidogo kilichoniponza. Nikakataa. Nikasema nitakaa mbele kabisa, kwenye pua ya boti, ili nione wimbi linapokuja nijiandae (kujiandaa kufanya nini, nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile, na sijapata jibu). Shabani akakaa katikati, amekumbatia kapu la zawadi, amevaa kanzu mpya niliyomshonea mwenyewe, anatabasamu kama mtu ambaye hajui kuogelea wala hajui kwamba hajui.

Tukatoka. Mpaka tunaiacha bandari nilikuwa mtu mzima. Kisha Yasini akafungua mashine, pua ikanyanyuka nami nikiwa juu yake, nchi kavu ikaanza kurudi nyuma kwa kasi, na kila wimbi tulilopanda lilinirusha, na kila tuliloshuka makalio yangu yalirudi kwenye ubao kabla roho haijarudi. Nikageuka nikapaza sauti, "Punguza!" Yasini yuko kule nyuma na mashine inanguruma sikioni mwake, hasikii, akaninyooshea dole gumba akaongeza. Nikapaza tena kwa nguvu zaidi. Dole gumba. Ndiyo hasara ya kukaa mbele, kila neno inabidi ulitupe kama jiwe, na mimi maneno ninayo mengi, kwa hiyo nikawa nayatupa tu, natukana upepo, natukana aliyebuni faiba, namlaani jirani wa bandarini na chai yake, na Gombe inapita upande wa kulia na misitu yake yote, watu wanatoka mbali kuja kuiona, mimi nimefumba macho.

Shabani akawa ananibembeleza, naye kwa kupaza sauti. "Baba mdogo, vumilia, tumekaribia."

"Kukaribia wapi?"

"Kwa kina Zawadi. Ukimwona utasahau haya yote, baba mdogo, ni msichana mzuri sana."

Hapo wimbi likanipiga usoni, moja kwa moja, kinywa kikiwa wazi. Nikalimeza, nikalitema, nikavuta pumzi mpaka kwenye unyayo, nikanguruma kwa sauti ambayo hata adhana ya Ujiji haijawahi kuifikia:

"Mzuri gani wa kufuatwa majini? Hata wangenipa bure wakanipa na ng'ombe juu, mimi siwezi kuchukua mke kwa watu wanaoishi kama vyura!"

Neno "vyura" likaenda peke yake. Likaenda, likagonga kilima, likarudi. Nikafumbua macho kwa sababu palikuwa na kimya cha ajabu, nikaona ufukwe uko pale, karibu mno, na watu wamesimama kuupokea ugeni, wazee wamevaa kofia safi, wanawake na kanga za sare, na wale waliokuwa wakigeuza dagaa kwenye vichanja mikono imebaki hewani. Na mimi nimekaa kwenye pua, uso umewaelekea wao kama kipaza sauti cha harusi.

Nyuma yangu Yasini akasema kwa ule upole wake, "Mashine nimeshaizima, fundi. Ukikaribia pwani unazima, boti inateleza yenyewe."

Nawaambieni, ile boti iliteleza mwaka mzima. Hakuna kitu cha kufanya kwenye boti inayoteleza. Huwezi kukimbia, huwezi kujificha, unapelekwa tu kwa watu uliowatukana, taratibu, kwa adabu. Nikafikiria kujitupa majini, mimi huyuhuyu, na nadhani siku ile ndiyo pekee ambayo ziwa liliniona mteja.

Nikashuka vibaya, mguu mmoja ukakwama, nikaingia maji mpaka kiunoni, nikatoka na jaketi langu la rangi ya chungwa na mafundo yake, nikaenda kwa mzee aliyekuwa mbele. Alikuwa ndiye Mzee Kasimu, baba yake Zawadi.

"Shikamoo, mzee." Sauti yenyewe ilikuwa imekwisha, ikatoka kama ya bata.

"Marahaba," akasema. "Karibuni kwa vyura."

Hakucheka. Wanawake nyuma yake wakasemezana kwa Kiha, nusu nikaelewa, nusu nikashukuru kutoelewa.

Tukakaa sebuleni, kwenye mkeka. Kwa desturi siku ya posa anayeongea ni mshenga, kijana haruhusiwi hata kukohoa kwa maana, kwa hiyo Shabani alikuwa amekaa ananitazama tu, na macho yake sitayasahau, kwa sababu hayakuwa na hasira, yalikuwa yananiomba. Na hotuba niliyoiandaa yote ilihusu maji. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba tumevuka ziwa bila kuliona kwa ajili ya hazina iliyoko upande huu. Nikaanza hivyohivyo, sina nyingine. Shangazi yake Zawadi, Bi Tausi, mwanamke mnene mwenye sauti tulivu, akanikatiza.

"Fundi, hiyo iliyotungwa nchi kavu tumeizoea, kila mshenga anayo. Turudie ile ya majini."

"Ule ulikuwa utani, dada yangu."

"Utani una watu wake. Sisi na wewe hata chai hatujanywa."

Nikasema nilikuwa naongea na wimbi. Nikasema nilikuwa nazungumzia watu wengine, wa kijiji kingine. "Kipi?" akauliza mzee mmoja pembeni, na kwa haraka nikataja kijiji cha mbele, kumbe mke wake katoka huko. Nikawa kama mtu anayejaribu kutoa doa la mafuta kwa kulisugua na mafuta.

Ndipo Mzee Kasimu akainua mkono.

"Tusi nimelisamehe," akasema. "Mtu akiogopa hujisemea. Mimi ninachokiwaza ni kile kilichokuwa ndani ya tusi. Binti yangu mkubwa aliolewa hukohuko mjini. Mume wake ni mtu mwema, ila anasema ziwa ni hatari. Kila akitaka kuja, leo upepo, kesho mawimbi, keshokutwa mtoto ana kikohozi. Wajukuu zangu nawaona kwenye simu. Bibi yao akiwaongelesha wanaangalia pembeni, hawamjui. Sasa leo na huyu wa mwisho anaombwa na watu ambao hata kabla hawajafika, wameshaapa hawarudi. Nikuulize wewe, fundi, nitamwona tena lini?"

Nikamtazama Shabani, naye ameinamisha kichwa juu ya kanzu yake mpya, nikajua kwamba nikinyamaza kidogo tu, tutapewa chakula, tutashukuriwa, na tutarudi bila mke. Nikasema kitu cha kweli, kwa ile sauti ya bata. "Mzee, mimi naliogopa ziwa tangu nimezaliwa. Lakini nimekuja."

Bi Tausi akainuka akaingia chumbani, maana kwa desturi shangazi ndiye anayemuuliza binti. Akakaa huko. Tukasikia minong'ono, kisha kicheko cha msichana, cheko la kweli, mpaka akapaliwa. Bi Tausi akatoka.

"Zawadi anasema anamtaka Shabani," akatangaza, na Shabani akapumua kama aliyetolewa chini ya maji. "Lakini ana sharti. Kila atakapokuja kutusalimia, Idi zote, akijifungua, tukifiwa, atakayemleta ni huyu baba mdogo. Hakuna kutuma mtu. Na akae mbele."

Wazee wakacheka mpaka Mzee Kasimu akavua kofia ajifute macho. Mimi nikasema nimekubali. Kulikuwa na mlango gani mwingine?

Kisha wakatuomba tulale, boti kubwa ya kesho ingetuchukua asubuhi. Nikapima kwa mara ya mwisho siku ile: upande mmoja ziwa lote la jioni na kiboti cha Yasini, upande wa pili usiku mzima wa ugali na samaki wa migebuka nikimega tonge pamoja na watu niliowaita vyura, na Bi Tausi akinikaribisha mchuzi. Nikamwambia Yasini awashe mashine.

Harusi ilikwisha salama, na sharti linatekelezwa. Nimeshavuka mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, nikiwa mbele, nimeshika ubao, na Zawadi nyuma yangu anakula karanga kana kwamba yuko kwenye kochi. "Baba mdogo, sema hata neno," hunichokoza tukiwa katikati. "Huku hakuna wakwe." Simjibu. Nimeapa kwamba nikiwa ndani ya boti mdomo wangu ni wa kupumulia tu, nikitaka mwendo upunguzwe nanyoosha mkono, na nikitaka kutukana natukana moyoni, mfululizo, mpaka tufike.

Idi iliyopita tulifika, Mzee Kasimu akaingia majini mpaka magotini kumpokea mtoto kutoka mikononi mwa Zawadi, na yule mtoto akamshika ndevu bila kuogopa, maana anamjua. Kisha ndipo mzee akanikumbuka, bado nimeganda kule mbele.

"Fundi, leo mbona kimya?"

Nikashuka kwanza. Nikahakikisha miguu yote miwili iko mchangani, nikageuka kumtazama Yasini kwamba mashine kweli ameizima, ndipo nikamwambia shikamoo.