Lenzi Nzito na Picha ya Watu Wawili

Mwanangu, jana uliniwekea kamera yako mapajani ukaniambia umepata lenzi inayoona hata gizani. Niliishika. Ni nzito kweli. Ukaniuliza kama ni nzuri, nami nikanyamaza, ukadhani mzee amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimerudi katika siku moja ya zamani, magoti yangu yangali yanapanda ngazi bila kulalamika, na siku hiyo haisimuliki kwa neno moja. Kaa basi nikueleze, na hiyo simu iweke chini kwanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Shauri Moyo, nikifanya kazi na Mjomba Kioko, ndugu ya mama yangu, katika studio yake ya picha. Msichana kutembea na kamera shingoni katika mitaa yetu ya Eastlands kilikuwa kioja. Vijana wa kona waliniita Madam Flashi, nami nikawaacha waniite, maana hao hao ndio waliokuja baadaye kunibembeleza niwapige picha za harusi.

Kamera ya Mjomba haikuwa kama hizi zenu. Hukuchungulia kupitia lenzi. Ulichungulia kwenye kidirisha kidogo kilichokaa juu ya lenzi, upande mmoja, na humo ndani uliona sura mbili za kitu kile kile, moja imepauka. Ulizungusha lenzi mpaka sura hizo zikalaliana, na hapo ulijua umelenga sawasawa. Tulikuwa na lenzi mbili. Moja ilikuwa fupi, ndogo, unaifunika kwa kiganja. Nyingine Mjomba aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Hiyo ilikuwa nzito kama nusu kilo ya sukari, na kioo chake cha mbele kipana kama mdomo wa kikombe cha chai.

Sitaki kuisingizia ile kubwa. Ilikunywa mwanga. Nyumba zetu za estate zilikuwa na dirisha moja na pazia zito, na ndani yake ile kubwa ilipiga picha bila flashi mahali ambapo ile ndogo ilikudai ushike kamera bila kupumua. Niliipenda. Na ukitaka ukweli wote, niliipenda pia kwa sababu watu waliitazama. Nikiingia nayo ukumbini, hata bwana harusi alinyoosha tai yake. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliokuwa wakiitazama hawakuwa wakiibeba.

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshinda harusini na ile lenzi kubwa shingoni tangu asubuhi. Niliporudi studio, bega linaniuma, nilimkuta mama mmoja kwenye benchi, amejifunga leso vizuri, mikono mapajani. Alikuwa Mama Wekesa wa Kaloleni, ng'ambo ya barabara. Mumewe, Mzee Barasa, alikuwa amefanya kazi viwandani mpaka kifua kikamshinda. Siku za karibuni alikuwa amepasuliwa macho vilevile, na daktari amemkataza mwanga mkali. Kesho yake asubuhi ndugu yake mdogo angempandisha basi kumrudisha nyumbani Bungoma. Kila mtu alijua anarudishwa kwa nini, ila hakuna aliyelitaja.

"Binti yangu," akaniambia, "sisi tulioana tukiwa watoto, na hatuna hata picha moja tukiwa pamoja. Yake iko kwenye kipande chake cha kitambulisho, ndogo kama stempu. Yangu nayo iko kwenye kipande changu. Nataka moja ambayo tuko wawili. Lakini usimwashie ile taa yako, itamuumiza macho."

Nikamwambia aende amtayarishe mzee, mimi namfuata nyuma. Hata hajafika barabarani, nimeshajaza filamu mpya na lenzi kubwa iko palepale kwenye kamera. Nyumba yenye giza, flashi hakuna, mgonjwa. Nilijiona kama daktari mwenye dawa mkononi.

Mjomba alikuwa akikata picha za harusi nyingine mezani. Aliniita kwa jina bila kuinua kichwa.

"Mwende, unaenda kupiga watu wangapi?"

"Wawili, Mjomba."

"Watakaaje?"

"Mzee kitandani, mama kando yake."

"Yaani mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo. Na hiyo lenzi ukiifungua yote, sehemu inayotoka safi ni upana wa vidole viwili vitatu. Jicho lipo, sikio limepotea. Sasa niambie, katika wale wawili, nani utamwacha?"

Nilikuwa na jibu tayari, kama wewe tu. Nikamwambia nitaibana tundu lake kidogo, ili wote watoke safi. Hapo ndipo alipoweka mkasi chini akanitazama.

"Ukiibana, mwanga utakaoingia ni ule ule wa ile ndogo. Uzito wote huo utakuwa umeubebea nini? Wewe hufikirii picha ya huyu mama. Unafikiria utakavyoonekana ukiingia mlangoni kwake."

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, na yaliniuma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Mjomba alichonga vinyago ujanani kabla hajashika kamera, na wachongaji wa Kikamba wana namna yao ya kuchagua chombo. Akaniambia baba yake hakumruhusu kamwe kuchagua shoka asubuhi. "Asubuhi kila shoka ni jepesi," akasema. "Lishike jioni, ukishachoka, ndipo utalijua." Kisha akanisukumia ile lenzi ndogo juu ya meza. "Sikukatazi. Beba zote mbili. Ila usibonyeze kabla hujalijibu swali langu."

Nikavuka Jogoo Road nimenuna. Nakwambia nimenuna hasa.

Nyumba ya Mzee Barasa ilikuwa chumba kimoja kisafi, na dirisha lake lilitazama upande jua linakozama. Pazia lilikuwa limefungwa nusu kwa ajili ya macho yake. Nilimkuta ameketishwa kitandani, mito miwili mgongoni, amevaa koti la suti juu ya nguo ya kulalia. Nikamsalimia kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno.

"Nimevaa koti," akasema kwa sauti ndogo. "Usiniambie nilivue."

"Hulivui, Mzee. Limekukaa."

Mama Wekesa akakaa kwenye kigoda, chini kidogo ya mumewe, upande wangu wa kulia. Nikainua kamera na ile lenzi kubwa. Nilifanya hivyo kwa ukaidi tu, nikitaka kumwonyesha Mjomba ambaye hata hakuwepo. Nikachungulia. Mzee nilimwona mpaka kola ya koti. Mama Wekesa sikumwona. Lenzi ilikuwa nene hata ubavu wake ukaziba kona ya chini ya kidirisha, na katika kona hiyo ndipo alipokuwa amekaa. Filamu ingemshika, naam, lakini ingemshika ukungu mtupu, na mimi nisingejua kama alikuwa ametazama ama amefumba macho. Na ile lenzi ilikuwa imeanza kunilemea, maana ilikuwa jioni.

"Unatuona sote wawili?" Mzee akauliza.

Nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, Mzee," nikageukia ukutani nikabadilisha lenzi. Usione wembamba wa reli, mwanangu, garimoshi lapita. Kwa ile ndogo kidirisha chote kilikuwa wazi, na mama wa watu alikuwa pale, amekaza midomo asilie.

Sasa ikaja taabu nyingine. Ile ndogo ilitaka muda. Kamera ingefungua jicho na kulifumba polepole, na katika muda huo mtu akikohoa, picha imeharibika. Mzee Barasa alikuwa akikohoa mara kwa mara, kikohozi cha kuinamisha mwili wote. Nikapiga goti, nikaegemeza kamera juu ya mgongo wa kiti, nikabana pumzi. Akakohoa. Nikangoja. Nikabonyeza, akakohoa tena katikati. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba za mbele, na nilijua nikikosa sasa nimekosa kabisa, kwa sababu basi lilikuwa la asubuhi. Nilitaka kulia.

Mama Wekesa akaniona. Akasogeza kigoda, akaweka kiganja chake juu ya kifua cha mumewe, juu ya lile koti.

"Nakijua kikohozi hiki," akasema. "Huanzia hapa kabla hakijatoka. Nitakuambia."

Tukakaa hivyo. Mimi jicho kidirishani, yeye mkono kifuani, mzee anatutazama sote kama mtu anayesubiri watoto wamalize mchezo. Kikaja kikohozi, kikapita. Kikaja kingine. Kisha akanong'ona, "Sasa." Nikabonyeza. Akanong'ona tena baadaye, "Sasa," nikabonyeza tena. Tukafanya hivyo mpaka dirisha likawa la kijivu. Nilipowaaga, Mzee alinishukuru kwa Kibukusu, nami nikainamisha kichwa.

Mjomba alisafisha ile filamu mwenyewe. Nyingi zilikuwa zimetikisika. Moja ilikuwa imetulia. Sikudanganyi kwamba ilikuwa picha ya kushinda nishani. Ilikuwa na chembechembe, pembeni kuna giza. Lakini macho ya mzee yalionekana, na macho ya mama yalionekana, na mkono wake ulikuwa pale kifuani, kila kidole kinahesabika. Mjomba aliitazama muda mrefu chini ya taa. Hakusema nimefanya vizuri. Alisema tu, "Wote wapo," akaenda kunawa mikono.

Mzee Barasa hakumaliza mwezi. Ndugu yake alikuja studio pamoja na Mama Wekesa, ambaye alikuwa amerudi mjini mara moja kuchukua vitu vya msiba. Ndugu alitaka picha kubwa ya kutangulizwa mbele ya jeneza. Akaitazama ile ya wawili, akatikisa kichwa. Kwao, akasema, aliye hai hapelekwi kaburini pamoja na maiti, hata kwa picha. Ni kumwita amfuate. Akaniomba nimtoe shemeji yake abaki mzee peke yake.

Sikubishana naye. Alikuwa na huzuni, na mila ni ya mwenyewe. Nikaingia chumba cha giza nikachapa upya, nikakuza upande wa mzee, nikamtoa Mama Wekesa uso, bega, na kigoda chake. Kwa kuwa mzee alikuwa ametoka safi, alijaa karatasi vizuri. Nikaileta nje ingali mbichi.

Ndugu akaishika kwa ncha za vidole. Akauliza, "Na huu mkono?"

Mkono sikuweza kuutoa. Ulikuwa juu ya kifua chake, juu ya koti. Kuukata ni kukikata kifua cha mwanaume. Nikamweleza hivyo. Akafikiria, akauliza kama naweza kuupaka rangi nyeusi uonekane sehemu ya koti. Mjomba akaanza kujibu, lakini Mama Wekesa akamtangulia.

"Mkono uacheni," akasema. "Uende naye."

Ndugu aliikunja midomo, akatazama chini, na machozi yakamtoka pale pale mbele yetu, mtu mzima. Akaifunga picha kwa gazeti kwa uangalifu. Ile ya wawili Mama Wekesa aliibeba mwenyewe. Na usije ukafikiri aliitwa kweli, la. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na nilikuwa nikimwona Jumapili akitoka kanisani.

Mwanangu, ninalotaka ulishike ni hili. Sikwambii lenzi kubwa ni mbaya. Utaihitaji siku ya mwimbaji mmoja jukwaani, siku ya uso mmoja na mshumaa mmoja. Siku hiyo ibebe na uzito wake usiulalamikie. Lakini chombo usikipime kwa yale kinayoweza kufanya siku moja katika mwaka. Kipime jioni, bega likiwa limechoka, na ujiulize kinamwacha nani nje. Watu watakusifu kwa ukubwa wa ulichobeba, kisha wataenda zao, na atakayebaki na picha ni yule mama. Na si kamera pekee. Utakapochagua kazi, utakapochagua mke, utakapochagua maneno ya kumwambia mtu aliye katika huzuni, tafuta kilicho chepesi kiasi cha kukuacha uwaone watu wote waliomo chumbani. Mtaka yote hukosa yote, na mimi jioni ile nilikuwa karibu kumkosa mama wa watu akiwa amekaa mbele yangu.

Haya, chukua kamera yako. Mwenyezi Mungu akutulize mkono siku utakayoitwa kwenye nyumba yenye mgonjwa. Akupe macho ya kumwona aliyekaa kwenye kigoda. Na wewe mwenyewe, siku yako ikifika, usikose mtu wa kukuwekea kiganja kifuani.